Somo la Vitendo au Imla? Masomo ya Kuandika Programu na Mwanafunzi wa Kuluba

Ukurasa huu umezoea uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Katika toleo hili tumechagua aina ya maandishi ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajaishughulikia ipasavyo, nayo ni masomo ya vitendo ya kuandika programu za kompyuta. Haya ni maandishi yanayomwambia msomaji: keti hapa, andika hivi, bonyeza pale, kisha utaona kitu fulani. Yana msimulizi, yana msomaji anayedhaniwa, yana mtiririko wa matukio, na zaidi ya yote yana lugha. Hatuoni sababu ya kuwaachia wataalamu wa kompyuta peke yao kazi ya kuyapima.

Kila mhakiki husoma akiwa na msomaji fulani mawazoni. Sisi tumemchagua mwanafunzi wa Kuluba. Kuluba ni kaunti ndogo katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Ndani yake kuna Oraba, kituo cha mpakani ambako malori huvuka kwenda Kaya, Sudan Kusini. Mpaka wa Kongo nao hauko mbali. Julai 2016, mapigano yalipozuka upya Juba na baadaye kuenea hadi upande wa Yei, wakimbizi wengi waliingia Koboko, na Kuluba ikawa mojawapo ya sehemu za kuwapokea kabla ya kupelekwa kwenye makazi. Kwa hiyo darasa la hapo laweza kuwa na Mkakwa, Mlugbara, Mnubi, kijana wa Yei anayesema Kiarabu cha Juba, na mwingine wa Kongo anayesema Lingala au Kingwana. Masomo mengi ya kompyuta yameandikwa kana kwamba darasa la namna hii halipo duniani. Ndiyo maana tunaona ni kipimo kizuri.

Kiswahili si kigeni huko. Vijana wa Nile Magharibi walikipata katika jeshi la King's African Rifles wakati wa ukoloni. Baada ya mwaka 1979 wengi wao walikimbilia Zaire na Sudan, na waliokaa Zaire walirudi miaka ya 1980 wakiwa na Kiswahili cha upande huo. Tena kuna soko na barabara. Serikali nazo zimetoa matamko. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena kuwa lugha rasmi. Katika mtaala huo wa 2020, somo la kompyuta ni la hiari. Jambo hili linatugusa sisi walimu wa lugha moja kwa moja. Mwanafunzi amelazimishwa kusoma Kiswahili. Hajaonyeshwa bado kazi ambayo Kiswahili hicho kinaweza kumfanyia zaidi ya kusalimia na kujibu mtihani.

Tuanze na kasoro kubwa kuliko zote. Masomo mengi yanayojiita ya vitendo ni imla. Mwalimu wa Kiswahili anaijua imla: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, mwishoni panahesabiwa maneno yaliyoandikwa vibaya. Hatuidharau, maana inafunza tahajia na sikio. Lakini hakuna aliyewahi kuwa mtunzi kwa imla peke yake. Somo la kawaida la programu humpa mwanafunzi mistari sita anakili, humwambia aendeshe, humwonyesha matokeo, humpongeza, kisha humsukuma kwenye mistari sita mingine. Mikono imefanya kazi, ndiyo, lakini ni kazi ya mpiga chapa. Mfunike mwanafunzi huyo ukurasa, mwombe abadilishe mstari mmoja tu ili programu ifanye jambo jingine kidogo, na utamwona anakutazama.

Hata kozi zilizoandaliwa kwa uangalifu hazijaepuka mtego huu kabisa. Chukua freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, ambayo masomo yake yametafsiriwa pia kwa Kiswahili. Hatua zake ni fupi sana, na kila hatua hupimwa papo hapo. Aliyekosea hupewa dokezo, wala hadhihakiwi. Kwa mtu anayejisomea peke yake hilo ni jambo kubwa, nasi tunalisifu. Lakini ufupi huo huo ndio unaomwezesha mwanafunzi kujaza pengo moja baada ya jingine bila kujiuliza hata mara moja kazi nzima inakwenda wapi. Na kwa muda mrefu kazi ya kwanza katika kozi yake ya kutengeneza kurasa za mtandao imekuwa ukurasa wa picha za paka. Hatuna ugomvi na paka. Ila paka wa Kuluba anajulikana kwa panya, si kwa picha.

Tuitazame pia ada ya programu ya kwanza, ile inayoonyesha maneno ya kuusalimu ulimwengu. Ilienezwa na kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978, na tangu hapo karibu kila somo huanza nayo. Watafsiri wetu huigeuza kuwa "Hujambo Dunia" au "Habari, Ulimwengu". Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapaswa kusita. Salamu ya Kiswahili ni shughuli ya watu wawili. "Hujambo" ni swali, na "habari" ni swali. Programu inayouliza habari halafu ikajizimia kabla ya kujibiwa ni kama mtu anayekusalimu huku ameshakupa mgongo. Katika Kiingereza kasoro hiyo haionekani. Katika Kiswahili inaonekana mara moja, na inafichua udhaifu wa somo lenyewe: mwanafunzi ametazama tu, hajashiriki. Programu ya kwanza kwa Kiswahili ingefaa iulize jina, ingoje, kisha ijibu kwa jina hilo. Ni mistari miwili tu, lakini mwanafunzi ataona tangu siku ya kwanza kwamba mashine inapokea na inatoa.

Sasa tutoe mfano wa somo lilivyo na linavyoweza kuwa. Tuseme tunatumia Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa sababu mistari yake ni michache na inakubali majina ya Kiswahili bila tatizo lolote. Muuza maembe anataka kujua jumla:

bei = 500
idadi = input("Maembe mangapi? ")
print(bei * idadi)

Mwanafunzi anaendesha, anaulizwa idadi, anajibu 4. Anatarajia 2000. Kompyuta inamjazia kioo kizima tarakimu ya nne: 444444 na kuendelea, nne mia tano zilizoshikana. Hakuna onyo, na mashine haijalalamika. Imefanya ilivyoambiwa.

Somo la imla huliogopa tukio hili. Hulizuia kwa kumwamuru mwanafunzi tangu mwanzo aandike int(input()) bila kueleza, na mwanafunzi hunakili neno hilo kama hirizi. Somo zuri hulitafuta tukio hili. Humwacha mwanafunzi aandike kwanza kwenye daftari anachodhani kitatokea, ndipo abonyeze. Tofauti kati ya 2000 aliyoiandika na ukuta wa nne unaomtazama ndiyo somo lenyewe. Na hapa mwalimu wa Kiswahili ana silaha ambayo mwenzake wa kompyuta huenda hana. Lugha yetu inatofautisha tarakimu na idadi. Tarakimu ni alama inayoandikwa. Idadi ni wingi unaohesabika. Kompyuta ilipokea tarakimu, alama iliyopigwa kwenye kibodi, nayo ikaambiwa "rudia mara 500". Hiyo int ndiyo inayogeuza tarakimu kuwa idadi. Mwanafunzi anayetaka mfano mwingine atazame namba yake ya simu: inaanza na sifuri, na hakuna anayeijumlisha na namba ya jirani. Ukiigeuza kuwa idadi, ile sifuri ya mbele inapotea na simu haitoki. Namba ya simu, kwa jina lake, ni mfululizo wa tarakimu.

Utaratibu huu wa kutabiri kwanza si uvumbuzi wetu. Sue Sentance na wenzake wa Uingereza walichapisha mwaka 2019 matokeo ya utafiti wao mashuleni kuhusu mpangilio wa hatua tano: tabiri, endesha, chunguza, badilisha, ndipo uunde programu yako. Wanafunzi huanza kwa kusoma programu ya mtu mwingine na kuizungumzia kabla ya kuandika yao. Mwalimu wa lugha atacheka kidogo, maana huo ni ufahamu kabla ya insha, jambo tunalolifanya kila juma. Lakini tusicheke sana. Katika utafiti huo mazungumzo ya darasani yamepewa uzito mkubwa: mwanafunzi lazima aseme kwa mdomo anachodhani. Hapo ndipo swali la lugha linapoingia kwa nguvu zote. Mtoto wa Kuluba akiambiwa atabiri kwa Kiingereza alichokianza kukitumia kama lugha ya kufundishiwa katika darasa la nne (kabla yake, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2007, madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha za nyumbani), ataogopa sentensi kabla ya kuiogopa programu. Atanyamaza. Na mwalimu atadhani hajui kompyuta.

Tumejaribu kuzisoma programu fupi kwa sauti kwa Kiswahili, na tunapendekeza wasomaji wafanye hivyo. Alama ya = iliyomo katika bei = 500 huwachanganya wanafunzi kwa sababu hisabati imewafundisha kwamba ni "sawa na". Isome "bei iwe 500". Kile kiambishi -e mwishoni, kinachobeba amri ya upole na matakwa, kinaeleza kilichotendeka kwa usahihi kuliko neno "sawa". Alama mbili, ==, zisomwe kwa kuuliza: "je, ni sawa?" Pale lugha ya programu inapotaka jambo lirudiwe muda wote sharti fulani linapotimia, Kiswahili kina "maadamu": maadamu idadi ni zaidi ya sifuri, punguza moja. Neno hilo tumeliacha likae katika hotuba na mawaidha, na kumbe lina kazi. Kisha, mwanafunzi anapofuatilia programu mstari kwa mstari, tunayo -ka- ya masimulizi: ikachukua 500, ikazidisha kwa 4, ikaonyesha 2000. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili chake cha mpakani hakitumii -ka- sana, "halafu" inatosha. Tunasisitiza hili kwa sababu tunawajua baadhi ya wenzetu: watamsimamisha mtoto katikati ya kutabiri ili wamsahihishe ngeli. Somo la vitendo lina wakati wake wa ngeli, na si wakati huo.

Kuna neno moja tunalolilaumu kwa namna ya pekee, nalo ni "kosa". Programu isipokubali kuendeshwa, masomo mengi ya Kiswahili humwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Katika Kiswahili mkosaji hulaumiwa, huadhibiwa, huomba radhi. "Hitilafu" ni neno jepesi na la kweli zaidi: kuna kitu hakilingani, tukitafute. Anayeandika programu hukutana na hitilafu kila siku ya maisha yake, awe mwanafunzi au mwenye uzoefu wa miaka 30. Akihukumiwa kila mara atakwenda kutafuta kazi nyingine. Somo bora halingoji hitilafu itokee kwa bahati mbaya. Huiweka makusudi, humpa mwanafunzi programu iliyovunjika na kumwambia aitengeneze. Pia humfundisha kusoma ujumbe wa mashine. Ujumbe wa Python ni wa Kiingereza na unaweza kuwa na mistari mingi, lakini jina la hitilafu huwa katika mstari wa mwisho, kwa hiyo mwanafunzi aanzie chini. Tangu toleo la 3.10 lililotoka mwaka 2021, ukiandika jumlaa mahali pa jumla mashine hukuuliza kama hukukusudia jumla. Haijui Kiswahili, inalinganisha herufi tu. Hata hivyo darasani jambo hilo huleta kicheko kizuri.

Kuhusu istilahi hatutakaa sana, maana wasomaji wetu wamechoshwa na ugomvi wa kompyuta na tarakilishi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba msamiati si kikwazo. Kwa Kuluba tungetumia kompyuta, programu, faili, kibodi, basi. Tungekubali "bofya" kwa furaha, neno lililokuwa la kuminya tunda kwa vidole kujua kama limeiva, kabla halijahamia kwenye kipanya. Neno lililotoka kwenye vidole likabaki kwenye vidole. Tungelikataa "kitanzi" kwa marudio ya amri, ingawa wapo wanaolipenda. Kitanzi ni cha kunasa mnyama au cha kunyongea mtu, na programu inayorudia kazi yake vizuri haijanasa kitu. "Mzunguko" au "marudio" yanatosha. Lakini la muhimu kuliko uteuzi ni utaratibu. Masomo mengi huanza na ukurasa wa istilahi na maana zake. Mwanafunzi anakariri majina ya vitu ambavyo hajavishika. Jina lije baada ya tendo: akisharudia amri kumi kwa mkono na kuchoka, mwonyeshe marudio, ndipo umwambie yanaitwaje.

Mashine nazo ni chache. Nile Magharibi iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli. Mtambo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5, ulianza kazi mwaka 2012. Anayeandaa somo kwa darasa la namna hiyo lazima adhanie kwamba umeme unaweza kukatika katikati ya kipindi na kwamba kompyuta moja itazungukwa na watoto wanne au zaidi. Masomo mengi tuliyoyasoma yanadhania mtu mmoja, mashine moja, mtandao usiokatika. Chini ya masharti hayo mwenye mikono miepesi hushika kibodi, wengine hutazama mgongo wake, na mara nyingi wasichana ndio huishia kutazama migongo.

Dawa yake inajulikana. Wawili wawili: mmoja anaandika, mwingine anasema kinachofaa kuandikwa, na baada ya dakika chache wanabadilishana, anayeshika kibodi haruhusiwi kuandika ambacho mwenzake hajakisema. Kisha karatasi. Mwaka 2006 Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walieleza zoezi la kumpa mwanafunzi mistari ya programu iliyovurugwa, aipange iwe programu inayofanya kazi. Nani kati yetu hajawahi kutunga swali la "panga sentensi zifuatazo ziwe aya yenye mantiki"? Kata mistari kwenye vipande vya karatasi, wape kikundi, na ugomvi utakaozuka kuhusu mstari upi utangulie ndiyo fikra ya kuandika programu. Halihitaji umeme. Jedwali la kufuatilia thamani nalo laweza kuchorwa ubaoni: safu ya bei, safu ya idadi, safu ya jumla, mstari kwa mstari. Wanapofika kwenye mashine wana jambo la kuiuliza, na dakika zao kumi hazitumiki kutafuta ilipo alama ya nukta mbili.

Kuna wanaotuuliza: kwa nini Kiswahili, na maneno ya programu yenyewe ni ya Kiingereza, na ajira inataka Kiingereza? Jibu letu ni kwamba maneno hayo ni machache. Anayeanza hatumii zaidi ya ishirini, na hayasemi, anayaandika. Yanayosemwa ni mawazo yaliyoyazunguka. Zipo njia pia za kuyaondoa mwanzoni: Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ina amri za Kiswahili katika vipande vya kuunganisha kwa kipanya na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao, Hedy, iliyobuniwa na Felienne Hermans wa Uholanzi mwaka 2020, humpandisha mwanafunzi ngazi kwa ngazi hadi kwenye Python, na amri zake zaweza kuandikwa kwa lugha nyingi. Swali gumu zaidi ni lile linalotoka upande wa pili: kwa nini Kiswahili badala ya Kikakwa, Kilugbara au Kinubi? Hapa hatuna kiburi. Kikundi cha Wakakwa watupu kitabiri kwa Kikakwa, na mwalimu mwenye busara atawaacha. Kiswahili kinahitajika pale vikundi vinapokutana kulinganisha majibu, na katika karatasi ya somo yenyewe, kwa sababu karatasi moja haiwezi kuandikwa kwa lugha sita. Kijana wa Yei asiyejua Kiswahili atahitaji mwenzake wa Kinubi amsaidie, nao wataelewana, maana Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu.

Tumebakiza jambo la maudhui, nalo ndilo linalotuvutia zaidi. Masomo mengi hutafsiriwa pamoja na mifano yake: akaunti ya benki, piza, joto la Fahrenheit. Mtafsiri mwangalifu hubadilisha piza ikawa chapati na kuridhika. Hilo ni kubadilisha kanzu tu. Ingefaa tutafute matatizo ambayo Kiswahili chenyewe kinayazaa. Mfano ni saa. Simu inaonyesha 7, sisi tunasema saa moja. Mwanafunzi aandike programu ya kutafsiri saa ya simu kuwa saa ya Kiswahili. Jaribio la kwanza la karibu kila mtu litakuwa kutoa 6: saba inakuwa moja, kumi na tatu inakuwa saba, kumi na nane inakuwa kumi na mbili. Vizuri sana. Halafu mtu anajaribu 20, na programu inasema saa kumi na nne. Mwingine anajaribu 5 ya alfajiri na kupata hasi moja. Darasa linajadiliana, mmoja anakumbuka baki katika kugawanya, wanaandika (saa - 6) % 12, na 20 inatoa mbili, 5 inatoa kumi na moja. Furaha. Kisha wanarudia majaribio ya mwanzo, na 18, iliyokuwa sahihi, sasa inatoa sifuri! Saa sifuri jioni, saa ambayo muadhini hajawahi kuisikia. Kutengeneza kwao kumevunja palipokuwa pazima.

Zoezi hili lina kila kitu: kutabiri, hitilafu isiyotoa onyo, majaribio ya mipakani, na haja ya kurudia majaribio ya zamani kila unapobadilisha jambo. Mwalimu asiharakishe kuwapa jibu la (saa - 7) % 12 + 1. Wakitaka kutumia "ikiwa jibu ni sifuri, liwe 12" ni sawa kabisa, na pengine ni wazi zaidi kwa anayesoma. Wenye ujuzi zaidi waambiwe kwamba C na Java hutoa baki hasi mahali ambapo Python haitoi, kwa hiyo kanuni hiyo hiyo ikihamishwa yaweza kuharibika saa za alfajiri. Na katika zoezi hili anayejua jibu sahihi ni mtoto mwenyewe, kwa kuwa saa hiyo ni yake. Hahitaji kumwuliza mwalimu kama programu imepatia.

Zoezi la pili ni la ngeli, nalo tunawaachia wanafunzi wa Idara. Andika programu inayochukua neno linaloanza na ki na kulipa wingi wa vi. Kitabu, kiti, kijiji vitapita. Chama na chakula havitaguswa, kwa sababu programu inatafuta ki. Kima atakuwa "vima". Neno Kiswahili likiandikwa kwa K kubwa halitatambuliwa, maana kwa kompyuta K na k ni herufi mbili tofauti; likiandikwa kwa herufi ndogo litatoka "viswahili", neno ambalo mtahini angelikata kwa wino mwekundu na ambalo mtu aliyesimama Oraba siku ya soko asingelishangaa. Atakayeleta kwa mhariri maneno kumi yanayoishinda kanuni ya ki na vi, pamoja na mistari ya programu ya kuyashughulikia, tutachapisha kazi yake katika toleo lijalo. Iletwe kwenye karatasi, iwe na utabiri ulioandikwa kabla ya kuendesha, na ambao haukutimia usifutwe.